Binti anataka kuingia Brain Bee, tuanzie wapi?

Mama Zawadi
Habarini wadau, naombeni mwenye uelewa wa hii kitu anisaidie. Tuko Minnesota, binti yangu yuko gredi ya 10, mwalimu wake wa bayolojia kamwambia ajiandikishe kwenye mashindano ya ubongo ya hai skuli yanaitwa Brain Bee. Basi karudi nyumbani kaprinti likitabu zima, meza ya kulia haionekani tena kwa makaratasi, ukipita usiku unamsikia anaghani majina ya ajabu ajabu kama mtoto wa madrasa na juzuu. Mimi nimesomea uhasibu, ubongo najua uko kichwani basi. Baba yake kashasema huko ni kupoteza muda, bora akazane na hesabu. Sasa nauliza, haya mashindano ni ya kweli au ndo zile za kulipa ada upewe cheti? Na mzazi asiyejua chochote anamsaidiaje mtoto? Asanteni.

neva_ya_saba
Ni ya kweli kabisa mama, wala usiwe na wasiwasi. Mimi nafanya masta ya neurosayansi, yaani sayansi ya ubongo na neva, huku huku Marekani na nishajitolea kuhesabu pointi kwenye ngazi ya chini kwa hiyo nakuambia kitu nilichokiona. Yalianzishwa 1998 na Dk. Norbert Myslinski wa University of Maryland pale Baltimore, sasa hivi yako nchi nyingi tu. Mfumo wake ni ngazi tatu: anaanza mashindano ya eneo lake, mara nyingi chuo kikuu ndo mwenyeji, mshindi anakwenda ya taifa, wa taifa anaiwakilisha nchi kwenye ya dunia. Ya dunia 2018 yalikuwa Berlin, 2019 Daegu kule Korea Kusini. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua mwenyeji wa eneo lenu ni nani na mwisho wa kujiandikisha ni lini, mwulizeni huyo huyo mwalimu.

Hicho kitabu alichoprinti nahisi ni Brain Facts cha Society for Neuroscience. Kama ndicho, yuko sawa, ni cha bure na maswali mengi ya ngazi ya chini yanatoka humo. Akitokea mtu anakuuzia kozi ya madola mia kadhaa mpotezee.

Ila kukariri tu hakutamfikisha mbali. Ngazi ya taifa ndo mziki wenyewe, huko sio kujibu maswali ya mdomo tu, anaweza kuwekewa ubongo halisi wa binadamu kwenye trei umechomekwa pini zenye namba, aandike kila pini imegusa wapi. Kuna vipande vya seli kwenye hadubini, kuna picha za MRI, halafu wanaletwa waigizaji wanaojifanya wagonjwa, mtoto asikilize dalili aseme ugonjwa ni nini. Aliyekariri majina tu hapo anakwama.

Mimi ningemwambia hivi: kila sehemu ya ubongo aijue kwa mtu aliyeipoteza. Mfano hipokampasi, sehemu iliyoko ndani ya ubongo. 1953 huko Hartford, Connecticut, daktari mpasuaji William Scoville alimfanyia operesheni Henry Molaison aliyekuwa anateswa na kifafa, akamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kikapungua sana ila jamaa akawa hawezi kuweka kumbukumbu mpya, mnaongea, unatoka nje kidogo, ukirudi hakujui. Sasa utamu uko hapa, mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku anaangalia mkono wake kwenye kioo, kitu kigumu kweli ukijaribu. Siku ya kwanza anaharibu, siku zinazofuata mkono unazidi kunyooka, na kila siku anaapa hajawahi kufanya hiyo kazi maishani mwake! Yaani mkono unakumbuka mwenyewe hajui. Binti akishaielewa hiyo hawezi tena kusahau hipokampasi inafanya nini na haifanyi nini, na hahitaji kuighani usiku.

Bakari wa Mtaa wa Pili
Mimi namuunga mkono baba. Sisemi mashindano ni mabaya ila wabongo wa huku tuna ugonjwa wa kudhani kila kikombe kinamwingiza mtoto Harvard. Kama anapenda aende, kama ni kwa ajili ya fomu za chuo hesabu zake zikishuka mtalia wote. Ubongo wenyewe bila fizikia na kemia hautaelewa, umeme wa neva ule ni chaji za sodiamu na potasiamu zinapishana kwenye utando wa seli. Hodgkin na Huxley walioyapata hayo kwa neva ya ngisi walikaa wanapiga mahesabu kwa mkono, wakapewa Nobel 1963. Hesabu kaka, hesabu.

neva_ya_saba
@Bakari sasa si umemtetea binti mwenyewe hapo 😂 akisoma hiyo sura ya Hodgkin na Huxley kashasoma hesabu na kemia humo humo.

tabibu_kanda_ya_ziwa
Mama Zawadi hongera. Mimi ni tabibu, nimefanya kazi mkoa wa Mara miaka mingi, naongeza kitu ambacho kwenye vitabu vya huko kinapitwa haraka. Mwambie asome konzo. Ni ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na kula mihogo michungu ambayo haikulowekwa au kukaushwa vya kutosha, sianidi inabaki, na mlo wenyewe hauna protini ya kuusaidia mwili kuitoa. Unatokea wakati wa njaa na vita pale watu wanapofupisha siku za kuloweka kwa sababu hakuna kingine cha kupika. Kongo wanaujua sana, na kwetu Tarime ulitokea kwenye ukame wa 1985.

Kwa mashindano faida yake ni hii. Mgonjwa analala mzima anaamka miguu imekakamaa, anatembea kwa ncha za vidole magoti yanagongana, lakini akili yake iko timamu na akiguswa ngozi anasikia vizuri. Muulize binti: shida iko wapi? Sio msuli, sio neva inayotoka uti wa mgongo kwenda mguuni, kwa sababu ingekuwa hivyo mguu ungelegea badala ya kukakamaa. Na kiharusi cha kawaida kinapiga upande mmoja, huyu ni miguu yote miwili sawasawa. Kwa hiyo zilizoumia ni neva za juu za mwendo, zile zinazoshuka kutoka gamba la ubongo. Akiweza kwenda hatua kwa hatua namna hiyo, akiletewa yule muigizaji wao hatatishika.

pilipili_kichaa
Na pilipili pia iko kwenye silabasi wadau! David Julius alitumia kile kikali cha kwenye pilipili, kapsaisini, akakipata kipokezi kinachosikia moto, Nobel ya 2021. Ndo maana pilipili "inaunguza" wakati chakula kimepoa zamani.

Mama Zawadi
Jamani Mungu awabariki. Nimemsomea yote, ya yule mzee wa nyota karudia mara mbili kumhadithia mdogo wake. Baba yake kasoma ya Bakari kacheka, ya ngisi imempendeza kuliko zote, anasema sasa aone hayo mahesabu. Dokta, ya konzo amesema mwalimu wake hajawahi kuitaja, anataka aipeleke darasani. neva_ya_saba mpe swali moja la huyo mgonjwa wa kuigiza tumjaribu.

neva_ya_saba
Haya. Mama wa miaka 30, asubuhi mzima kabisa. Ikifika jioni kope zinashuka, anaona vitu viwili viwili, akila nyama anaanza kutafuna vizuri halafu taya inachoka katikati ya sahani. Akipumzika zinarudi. Hisia za ngozi sawa, akili sawa. Asitumie gugo!

Mama Zawadi
Anasema mayasthenia gravisi. Kinga ya mwili inashambulia vipokezi vya asetilikolini, kemikali ambayo neva inautumia msuli ujikaze, pale neva inapokutana na msuli. Ni kweli au ananidanganya?

neva_ya_saba
Kweli tupu. Sasa muulize kwa nini ni jioni na sio asubuhi, hapo ndo majaji wanapenda kubana.

baba_mapacha
Samahani kudandia uzi, wangu wako gredi ya 7, wanaruhusiwa?

neva_ya_saba
Bado kaka, ni ya hai skuli. Wape kitabu waanze mdogo mdogo.

Mama Zawadi
Ya jioni kaomba mpaka kesho. Kamnyang'anya baba yake ofisi.