Wajuzi wa VIX, nielewesheni kabla hakujakucha

Jamaa_Mpole (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Naomba kueleweshwa hii VIX, kile kipimo cha hofu ya soko la hisa la Marekani. Ikiwa 18 maana yake nini hasa? Na je, ndiyo wakati wa kununua? Majibu ya haraka tafadhali, usingizi umekata. Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Hesabu
VIX inakokotolewa kwa bei za opsheni, yaani mikataba ya haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa, za kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani kiitwacho S&P 500. Soko la opsheni la Chicago lililianzisha jambo hili 1993, likabadili hesabu yake 2003. Inaonyesha watu wanategemea S&P 500 iyumbe kiasi gani ndani ya siku 30 zijazo, ila namba yenyewe huandikwa kwa kiwango cha mwaka. Ukitaka ya siku, gawa kwa 16. Kwa hiyo VIX ya 16 ni kuyumba kama 1% kwa siku, 32 ni kama 2%. Kwamba soko litapanda au litashuka, haikwambii.

Dada_Nuru
Machi 16, 2020 ilifunga 82.69. Mikono ilinitetemeka, nikauza hisa zote. Tarehe 23 soko likagusa chini, likageuka. Mimi nipo nje, kama mtu aliyeachwa na basi anapangusa vumbi. Hadi leo nikiona namba hiyo tumbo linanicheza.

Kobe_Hana_Haraka
Usingizi haukatwi na namba. Umeshanunua wewe. Sema.

Jamaa_Mpole
Kidogo tu mkuu. Miezi minane iliyopita, VIX ikiwa 17. Leo 18, lakini akaunti inasoma hasara ya 40%. Nataka kuongeza mara mbili ili wastani wa bei yangu ushuke. Mtikisiko lazima uje, kwani 2008 haukuja?

Sheikh_Mtandao
Kamari ni kamari hata ukiivalisha tai. Vijana mnataka kuvuna msipopanda.

Kobe_Hana_Haraka
Chai hii. Ilikuwa 17, sasa 18, halafu umepoteza 40%? Kitu kimepanda, mwenye nacho analia? Modereta, funga uzi.

Kicheko_Bure
Mimi nimeshakuja na kikombe.

Mzee_wa_Hesabu
Kobe, tulia. VIX yenyewe hainunuliki, ni hesabu tu. Mleta uzi, ulichonunua ni mfuko unaoshika fyucha za VIX, yaani mikataba ya bei ya VIX ya tarehe ya mbele, sivyo?

Jamaa_Mpole
Ndiyo. Jina lake lina VIX ndani, nikajua ni kitu kimoja.

Mzee_wa_Hesabu
Basi si chai. Soko likiwa tulivu, fyucha za miezi ya mbele kwa kawaida huwa ghali kuliko VIX ya leo. Mfuko unanunua kwenye 19, tuseme. Siku zikisogea, bei ya ule mkataba inateremka kuifuata VIX kwenye 17. Mfuko unauza iliyoshuka, unanunua tena ya ghali, kidogo kidogo kila siku, ndoo inavuja. VIX inaweza kusimama palepale na wewe ukaisha. Wala usikimbilie upande wa pili: Februari 5, 2018 iliruka kutoka 17 hadi 37 kwa siku moja, na mfuko mmoja wa waliobashiri utulivu ukapoteza zaidi ya 90%.

Jamaa_Mpole
Nimekuelewa mzee. Lakini ukija mtikisiko mmoja tu narudisha yote. Na oda nimeshaiweka, inasubiri soko lifunguliwe.

Dada_Nuru
Kwa pesa ipi, mdogo wangu?

Jamaa_Mpole
Si mkopo.

Dada_Nuru
Sijauliza kama ni mkopo.

Jamaa_Mpole
Ni ya kaka. Yuko kazini mbali, aliniachia nimtunzie, anarudi mwezi ujao. Nikaona ilale bure ya nini? Nilitaka aikute imezaa.

Kobe_Hana_Haraka
Kumbe uzi ni wa kaka, VIX ilikuwa kisingizio. Neno langu la chai nimelifuta. Anajua?

Kicheko_Bure
Omba kaka asiwe memba humu.

Mzee_wa_Hesabu
Oda inafutika kabla soko halijafunguliwa. Ingia kwenye oda zinazosubiri, uifute, kisha rudi hapa tuongee kuhusu kilichobaki.

Kobe_Hana_Haraka
Taa yake ya kijani bado inawaka. Anasoma, hajibu.