Lishe ya kupunguza kandida: nifuate ile kali au ya wastani? Naomba mawazo ya milo

Tunu_Alfajiri (mleta mada)
Habari za leo wanajamvi. Nimeambiwa nina kandida (aina ya fangasi) nyingi mwilini na natakiwa kubadili lishe kwa wiki sita, naanza Jumatatu. Nimesoma mpaka nimechoka, kila ninapofungua nakuta orodha inayopingana na nyingine. Nimebaki na njia mbili.

Lishe kali: hakuna sukari, asali, tunda lolote, nafaka yoyote, viazi, jamii ya kunde, maziwa, hamira, siki, uyoga, karanga wala pombe. Kinachobaki ni nyama, samaki, mayai, mboga za majani na mafuta.

Lishe ya wastani: sukari na unga mweupe vinaondoka, lakini dengu, oti, kwinoa, mtindi usiotiwa sukari na matunda kidogo vinabaki.

Natoka nyumbani mapema narudi jioni, kwa hiyo cha mchana lazima nibebe. Ipi inafaa, na nyie mnakula nini hasa? Kifungua kinywa ndicho kinachonisumbua zaidi.

SupuKwanza
Karibu sana dada. Nenda na kali, usijizungushe. Asubuhi mayai mawili ya kuvuruga na spinachi, kaanga kwa mafuta ya nazi, kata parachichi pembeni. Unashiba hadi mchana. Mchana supu ya mifupa ya kuku yenye kitunguu saumu, tangawizi na kabichi, unaimimina kwenye chupa ya kutunza joto. Usiku samaki wa kuoka na brokoli. Mafuta ya nazi yana asidi ya kapriliki ambayo inaua kandida. Kitunguu saumu nacho kina alisini. Ukiyatia hayo kwenye kila mlo, nusu ya kazi imeisha.

DenguDaima
SupuKwanza, hivyo vitu vimeua kandida kwenye vyombo vya maabara. Kwenye utumbo wa mtu aliyekula kijiko cha mafuta ni habari nyingine. Tusimpe mwenzetu matumaini ambayo hayajapimwa.

Mleta mada, mimi ni wa wastani na sitabadilika. Gramu 100 za dengu zilizopikwa zina wanga kama gramu 20, lakini karibu gramu 8 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, na unapata protini gramu 9. Wali mweupe kwa kiasi hicho hicho una wanga kama 28 na nyuzinyuzi karibu hakuna. Ni makosa kuviweka kwenye kapu moja eti vyote "ni wanga". Nyuzinyuzi ndizo chakula cha bakteria wazuri wa utumbo, na hao ndio wanaoshindana na kandida kila siku. Ukiwanyima chakula umemsaidia nani?

Mchana wangu: dengu zilizopikwa na manjano, bizari na nyanya, juu yake kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba na limau. Hata ikipoa inalika.

Muuguzi_Zamu
Kabla hatujafika mbali, mleta mada, kuna mambo hujasema na bila hayo tunapiga ramli. Nani amekuambia una kandida, na kwa kipimo gani? Una dalili gani, na wapi: mdomoni, ukeni, kwenye ngozi, au ni uchovu na tumbo kujaa gesi? Unatumia dawa zozote? Umetumia antibayotiki hivi karibuni? Una ujauzito? Kuna chakula kinachokudhuru?

Nauliza kwa sababu Candida albicans huishi kwa watu wengi wenye afya njema, mdomoni, tumboni na ukeni, bila kuleta shida. Kuwa nayo si ugonjwa. Shida ni inapozidi, na inapozidi huwa kuna kilichoifungulia mlango.

Kijani_Kibichi
Naunga mkono maswali ya Muuguzi. Ila kwa kifungua kinywa: vijiko vikubwa vitatu vya mbegu za chia kwenye kikombe cha tui la nazi, koroga, acha usiku kucha kwenye friji. Asubuhi imekuwa nzito kama uji. Tia mdalasini. Inaruhusiwa kwenye lishe zote mbili.

Salma_Jikoni
Dada, soma hii kabla ya Jumatatu, maana lishe kali naijua kwa ndani.

Nilikuwa mchovu muda wote, kichwa kizito, nywele zinadondoka. Mtu mmoja anayeuza virutubisho akaniambia moja kwa moja kwamba ni kandida imeenea mwili mzima. Akanipa orodha kama yako ile ya kwanza, pamoja na chupa za vidonge ambazo kila zikiisha nilitakiwa kununua nyingine. Wiki ya kwanza nilipata maumivu ya kichwa, kutetemeka na hasira zisizo na sababu. Nilipomwambia akafurahi, akasema fangasi wanakufa na wanatoa sumu, ni dalili ya kupona, niongeze dozi. Nikaongeza.

Uzito ukashuka mpaka nguo zikawa zinanivuka. Hedhi ikasimama. Niliacha kwenda kwenye shughuli za ndugu kwa sababu hakuna nilichoweza kula, na nikienda na chakula changu maswali hayaishi. Nikianza kula tunda moja tu nalala na hofu kwamba nimelisha fangasi. Kila nikilalamika jibu lilikuwa hilo hilo: bado hujawa mkali vya kutosha. Yaani lishe haikosei kamwe, anayekosea ni wewe.

Mwisho dada yangu alinipeleka kupimwa damu. Nilikuwa na upungufu wa madini ya chuma na tezi ya shingo haifanyi kazi vizuri. Hayo ndiyo yaliyokuwa yananichosha tangu mwanzo. Miezi yote ile nilinyimwa matibabu niliyoyahitaji na kuuziwa ugonjwa ambao hakuna aliyeupima. Mpaka leo nikiona orodha ya vyakula vilivyokatazwa moyo unaenda mbio.

Sisemi lishe haina maana. Nasema pima kwanza.

Muuguzi_Zamu
Pole sana Salma. Hiyo hadithi ya "fangasi wanakufa" inaumiza wengi. Madaktari wanaijua hali ya mgonjwa kupata homa na kutetemeka bakteria wanapokufa kwa dawa, na imeelezwa vizuri kwenye kaswende. Lakini mtu aliyeacha kahawa, sukari na wanga kwa siku moja ana sababu za kutosha za kuumwa kichwa bila kutafuta fangasi.

SupuKwanza
Pole Salma, kwa dhati kabisa. Lakini mimi lishe kali ilinisaidia. Tumbo lilikuwa linajaa kama ngoma, likatulia. Siwezi kukana mwili wangu.

Mzee_Maktaba
Hakuna anayeukana, SupuKwanza. Swali ni nini kilikusaidia. Mtu akiacha soda, keki, pombe na vyakula vya kukaanga, tumbo lina sababu nyingi za kutulia.

Historia kidogo. Wazo la kandida kusababisha uchovu, huzuni na maumivu ya kila namna lilivuma Marekani miaka ya 1980, likisukumwa na madaktari Orian Truss na William Crook. Mwaka 1986 chama cha madaktari wa mzio cha huko kilitoa tamko kwamba dhana hiyo haijathibitishwa. Mwaka 1990 Dismukes na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 42 waliodhaniwa kuwa na hali hiyo. Nistatini, dawa ya fangasi, ilipunguza dalili za ukeni, lakini kwa dalili za mwili mzima haikuishinda dawa bandia. Fangasi halisi wa mdomoni au ukeni ni jambo jingine kabisa, wanaonekana, wanapimwa na wanatibika.

Kijani_Kibichi
Sasa mbona uyoga unakatazwa? Nimeuliza kila mahali, jibu ninalopewa ni "uyoga ni fangasi". Kuku na tai wote ni ndege!

DenguDaima
Hapo umenena. Uyoga una wanga kidogo sana, na kuula hakuongezi kandida. Hamira ya mkate ni Saccharomyces cerevisiae, si Candida, na ikiokwa inakufa. Tatizo la mkate mweupe ni unga wenyewe.

SupuKwanza
Wapo watu wanaokula uyoga wanavimba tumbo. Nawajua.

DenguDaima
Wapo pia wanaovimba kwa kabichi, na wewe umeiweka kwenye supu.

SupuKwanza
Kabichi yangu imeiva vizuri. Usilinganishe.

Tunu_Alfajiri (mleta mada)
Asanteni jamani, na Salma Mungu akupe nguvu, nimeguswa sana.

Kujibu Muuguzi: kipimo nilichofanyiwa ni kutema mate kwenye glasi ya maji asubuhi, yakashuka kama nyuzi, nikaambiwa ni kandida. Dalili ni kuwashwa sehemu za siri na uchafu mweupe mzito. Nimetumia dawa ya kupaka, inatulia, inarudi. Imerudi mara nne tangu mwaka uanze. Ujauzito sina.

Mayai yananidhuru, navimba midomo. Nilisahau kuandika.

Dawa ni za kisukari tu: metformini, na mwaka huu nikaongezewa dapagliflozini.

Muuguzi_Zamu
Dada Tunu, "za kisukari tu" ndiyo habari yenyewe! Nisome taratibu.

Kwanza, mate kwenye glasi si kipimo. Mate ya mtu yeyote yanaweza kushuka. Kipimo ni kuchukua majimaji ya ukeni na kuyaangalia kwa hadubini au kuyaotesha, tena kuna aina za kandida zisizosikia vizuri flukonazoli (dawa ya fangasi), kwa hiyo inafaa kujua ni ipi.

Pili, dapagliflozini inashusha sukari ya damu kwa kuitoa kwenye mkojo. Ukeni panakuwa na sukari ambayo hujaila kwa mdomo leo. Fangasi wa sehemu za siri ni athari yake inayojulikana vizuri, na wewe umesema yote yameanza mwaka huu.

Tatu, na hili ni la usalama: mtu anayetumia dawa hiyo akikata wanga ghafla anaweza kupata asidi nyingi ya ketoni kwenye damu, hata kama kipimo cha sukari hakionyeshi namba ya kutisha. Dalili ni kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema haraka. Hiyo ni dharura. Kwa hiyo lishe kali USIANZE Jumatatu. Na dawa usiiache mwenyewe. Nenda kwa daktari wako, mwambie yamerudi mara nne, muulize kuhusu dawa hiyo. Kwa fangasi wanaorudi mara nyingi kuna matibabu ya muda mrefu, kwa mfano flukonazoli mara moja kwa wiki kwa miezi sita, lakini lazima aangalie dawa zako nyingine.

SupuKwanza
Hapo nanyamaza kuhusu lishe kali. Supu bado unaweza kunywa.

Tunu_Alfajiri (mleta mada)
Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kuhusu hiyo dawa. Nitapiga simu kesho. Lakini bado nataka kula vizuri, sukari yangu yenyewe haijatulia. Bila mayai asubuhi nile nini?

DenguDaima
Karibu kwenye wastani! Kiasi cha wanga usibadilishe ghafla mpaka umwone daktari, badilisha aina. Jioni pika dengu nyingi, asubuhi pasha kikombe, tia spinachi na mafuta ya zeituni. Wengi wanashangaa dengu asubuhi, lakini tumbo halijui saa.

Kijani_Kibichi
Au oti nzima, siyo zile za pakiti zenye ladha, pamoja na lozi na mtindi mweupe. Mtindi usiotiwa sukari una sukari ya maziwa kama gramu 5 kwa gramu 100. Soma lebo, kuna "mtindi wa asili" wenye mara tatu ya hapo.

Salma_Jikoni
Samaki wa usiku uliopita, umponde na parachichi, limau na chumvi kidogo, ufunge kwenye majani ya kabichi yaliyochovywa maji ya moto. Huo unafaa asubuhi na mchana. Mimi nilipata tena hamu ya kupika kwa mlo huo.

Mzee_Maktaba
Ongeza biskuti za chumvi: kikombe cha unga wa lozi, mbegu za ufuta, chumvi. Badala ya yai, saga mbegu za kitani, kijiko kikubwa kimoja kwa vijiko vitatu vya maji, subiri dakika kumi ziwe na utelezi. Kanda, sukuma nyembamba, oka nyuzi 175.

Kijani_Kibichi
Mzee, zangu hukatika kila nikizitoa kwenye trei. Kitani kilisagwa vizuri kabisa. Au ni unga?

Mzee_Maktaba
Uliacha zipoe? Zikiwa na moto huwa laini, usiziguse.

DenguDaima
Weka unga wa dengu nusu, hazitakatika.

SupuKwanza
Nilijua tu dengu zitafika hadi kwenye biskuti. Mimi nauliza koliflawa: nikiichakata iwe kama wali inatoa maji mpaka inakuwa ugiligili. Mnafanyaje?

Salma_Jikoni
Usiifunike. Kikaango kipana, moto mkali, dakika tano, chumvi mwisho.