Dar hadi Tukuyu na familia: nipite vipi kwa shoga yangu wa Ilula ambaye sikwenda kwenye msiba wa mama yake?

MamaMkuranga

Wapendwa, habari za jioni. Naomba ushauri, na naomba msinicheke.

Tarehe 20 mwezi huu tunaondoka Mbagala kwenda Tukuyu, kwao mume wangu. Ni zamu yao, mwaka jana sikukuu tuliila kwetu Mkuranga. Gari ni Noah, watu sita: mimi, mume, watoto watatu na shemeji yangu mdogo ambaye ameshadai kiti cha mbele eti akikaa nyuma anatapika. (Uongo. Anataka kushika redio.)

Njiani nina marafiki watatu niliosoma nao chuo cha ualimu. Wa Morogoro hana shida, tutakunywa naye chai karibu na Msamvu tuendelee. Wa Makambako ni mtu wa kucheka tu. Anayeninyima usingizi ni wa Ilula.

Huyu tulilala dabodeka moja miaka miwili, yeye juu mimi chini. Ndoo ya kuogea moja, pasi ya mkaa moja. Likizo fupi ya Pasaka sikuwa na nauli ya kurudi Pwani, akanichukua kwao. Mama yake hakuuliza nimekuja na nini wala naondoka lini. Alinikalisha uani akanifundisha kuchambua vitunguu: vya kuuza huku, vya kula huku, vyenye shingo nene vipikwe kwanza kwa sababu havikai. Mpaka leo nikienda sokoni Rangi Tatu nakipapasa kitunguu shingo kabla sijauliza bei. Aliniita "mwanangu wa pwani". Siku ya kuondoka alinifungia mahindi debe zima, mimi mwanafunzi ambaye hata begi langu lilikuwa limeshonwa kwa waya.

Mama huyo alifariki mwaka jana, Februari. Nilipigiwa simu usiku. Sikwenda. Nilisema mtoto ana homa na ruhusa kazini ni ngumu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na nauli ya kwenda tu, nikaona aibu kufika msibani halafu nianze kuomba nauli ya kurudi. Nikatuma elfu ishirini kwa simu. Shoga yangu akajibu neno moja, "Asante." Tangu hapo sikukuu tunatumiana picha za maua, basi. Arobaini ikapita, mwaka ukapita, na mimi kila wiki nasema nitapiga.

Kwetu ukikosa harusi ya mtu utasamehewa. Msiba, hapana. Na sasa barabara yenyewe inapita hatua chache tu kutoka mlangoni kwake.

Je, nipige simu kabla au nitokee tu? Pole ya mwaka jana inasemwaje? Na niende na nini, maana mtu wa Ilula humpelekei nyanya wala kitunguu. Halafu kuna mume: anasema baada ya Mikumi hatusimami ila kujaza mafuta, anataka mlima wa Kitonga aupande mchana na usiku alale Mbeya.

Dereva wa Tunduma

Dada, mimi navuta semi Dar–Tunduma. Ya msiba nawaachia kina mama. Nakupa ya barabarani, kwa sababu ndiyo itakayoamua unagonga hodi saa ngapi.

Chalinze hadi Moro malori ni mengi, mzee asishindane nayo. Kila kijiji chenye kibao cha 50 hesabu tochi ya trafiki ipo, hata kama huioni. Mikumi barabara inakatiza ndani ya hifadhi kilometa kama 50, watoto wataona twiga na tembo bila kulipa kiingilio, lakini msishuke garini na msiwarushie nyani ndizi. Ukigonga mnyama unalipa, na kila mnyama ana bei yake. Baada ya hapo mnaingia bonde la Ruaha, mibuyu na joto. Pale Ruaha Mbuyuni vijana watawakimbilia na vitunguu, nunueni mkirudi.

Kisha Kitonga. Kitonga haina ratiba. Lori moja likikatikia kwenye kona, wote mnakaa. Kiyoyozi mzime wakati wa kupanda, injini ipumue. Ukimwambia rafiki saa saba, moyoni weka saa kumi.

Dar–Mbeya ni zaidi ya kilometa 800. Kuzimaliza siku moja na watoto watatu, huyo mzee wako anatafuta sifa.

Shangazi wa Kihesa

Kamwene mwanangu. Mimi niko Iringa hapa, nimezika wengi na nimehaniwa na waliochelewa kuliko wewe.

Piga simu. Ukitokea bila taarifa utamkuta amevaa nguo za shamba, na huku kwetu mgeni wa mbali hapewi chai kavu, atahangaika kutafuta kuku wakati nyie mnaangalia saa. Lakini msamaha usiuombe kwenye simu. Sema tu unapita, siku fulani, watu wangapi.

Mkifika, watoto wabaki nje kidogo na baba yao mdogo. Ingieni wewe na mumeo, kaeni, na pole itangulie kabla hujapokea hata glasi ya maji. Ukishakunywa maji umekuwa mgeni wa kawaida, kuanza kulia baadaye ni vigumu. Kisha omba upelekwe kaburini. Usingoje akwambie.

Zawadi: mchele, sukari, mafuta ya kula. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa Pwani, mletee doti ya kanga. Samaki mkavu usithubutu, gari lote litanuka mpaka Tukuyu.

Jiwe la Njia

Mimi nitakuwa tofauti. Mtu ameshazika, ameshalia, ameshatulia. Wewe unataka kumfufulia machozi siku tano kabla ya Krismasi ili wewe ulale vizuri. Hiyo si pole, huo ni mzigo unaushusha kwake. Tuma ujumbe mzuri, pita zako, familia ifike salama.

MamaMkuranga

Jiwe, umenichoma, na nimekusoma mara tatu. Huenda ni kweli kwamba nataka kulala vizuri. Lakini ujumbe mzuri ndio niliotuma mwaka jana, na ndio ulionifikisha hapa.

Baba Watatu

Shemeji, nakusaidia upande wa mume, kwa sababu mimi ndiye mume wa namna hiyo. Usimwambie "tunapitia kwa rafiki yangu". Mwanaume akisikia kupitia anaona saa tatu za stori za chuo na yeye anatazama picha za ukutani. Mwambie "watoto watachoka, tulale Iringa". Hapo umeongelea watoto na kitanda. Ilula ipo kabla ya Iringa, siyo? Basi mmeshafika.

MamaMkuranga (6 Januari)

Tumerudi juzi. Niliahidi mrejesho.

Simu nilipiga tarehe 17, nimejifungia jikoni. Maneno nilikuwa nimeyapanga. Akapokea, nikasema ni mimi, akasema, "Najua, namba yako sikuifuta." Kimya. Nikasema tunapita tarehe 20, watu sita. Akauliza, "Wote wanakula kuku?" Mazungumzo yaliishia hapo.

Mbinu ya Baba Watatu ilifanya kazi vizuri hadi nikajiona tapeli. Nikalipia kabisa chumba Iringa, elfu hamsini.

Dereva, Kitonga ulisema kweli. Lori lilifia kwenye kona, tukakaa saa mbili na dakika kumi, akina mama wameshuka, wengine wamewasha majiko ya mkaa pembeni ya barabara kama wapo kwao. Tulipoanza kupanda tena mtoto wangu wa kati akatapika. Shemeji aliyekaa mbele, mzima kabisa. Matapishi yalimiminika kwenye shati la mtoto na kwenye gauni langu, lile nililolivaa makusudi ili niingie kwa watu na heshima zangu. Nimefika Ilula saa kumi na moja kasoro, nimejifunga mtandio kiunoni, nanuka maziwa yaliyoganda.

Shangazi, utaratibu wako ulikufa getini. Mwenyeji hakusema karibu wala hakunitazama usoni. Alimnyakua mtoto, akampeleka bombani, akamvua shati. Nikamfuata, nikainama kushika karai, maana sikujua mikono yangu niiweke wapi. Tukajikuta tunafua kama chuoni, yeye anasugua, mimi nasuuza. Hapo hapo nikamwambia. Homa ya mtoto sikuitaja. Nilisema nilikuwa na nauli ya kwenda tu.

Aliacha kusugua. "Watu wote wale waliojaa hapa uani, wewe ndiye ungekosa nauli ya kurudi?" Kisha akaniambia kwamba usiku ule, mama yake mdogo aliuliza yule wa pwani amepewa taarifa, akauliza hivyo kabla hajaulizia mjukuu aliyekuwa Arusha. Mimi miezi yote hiyo nilidhani pengo langu halikuonekana.

Alikuwa na hasira na alisema ana hasira. Hakulia, mimi ndiye niliyelia, povu mpaka kwenye viwiko. Akanipa shati nikamue. Akasema, "Kamua vizuri, chuoni ulikuwa unaacha maji."

Kaburini tulikwenda wote kabla giza halijaingia. Lipo nyuma ya nyumba, mahindi yamefika magotini pande tatu, upande wa nne wameacha njia. Mume wangu alivua kofia bila kuambiwa. Mtoto wangu mdogo wa miaka minne akauliza kwa nini bibi analala shambani. Shoga yangu akamjibu, "Analinda vitunguu." Mtoto akaridhika. Alipofika Tukuyu akawa anamsimulia kila mtu kwamba kuna bibi anayelinda vitunguu usiku kucha.

Iringa hatukulala. Kuku alichinjwa tulipofika, wali ukaiva saa tatu usiku, nani angesimama aondoke? Watoto wao na wetu walilala sita kitanda kimoja, vichwa huku miguu huku. Mume alipewa kochi fupi, asubuhi akawa anatembea kama mtu aliyeanguka kutoka mnazini. Elfu hamsini ya chumba haikurudi, na ananikumbusha kila nikitaja neno Iringa, hata kwenye utabiri wa hali ya hewa. Sisi wawili hatukulala. Tulikaa jikoni mpaka moto ukafa, tukamsengenya mkuu wetu wa bweni wa zamani, tukahesabu nani kaolewa na nani, na kuna nusu saa hivi ambayo hatukusema chochote.

Wa Makambako sikumtendea haki. Tulikutana naye kituo cha mafuta dakika kumi, upepo ule wa kule unataka kumvua mtu kilemba, akatuwekea gunia la viazi nyuma akacheka akaondoka. Tenga la nyanya tulilopewa Ilula halikuwa na nafasi, shemeji alilipakata miguuni kwake hadi Uyole. Redio hakuigusa.

Jiwe la Njia, umeniuliza kwa ujumbe kama nilimfufulia machozi. Sijui la kukujibu. Asubuhi nilimkuta uani amesimama anatazama kule kwenye mahindi, mkono shavuni, na sikumsogelea.

Dereva wa Tunduma

Saa mbili na dakika kumi mmebahatika. Mimi nimewahi kula Kitonga chakula cha mchana na cha usiku.

Shangazi wa Kihesa

Mungu ni mwema. Bomba nalo ni mahali, sikukatazi. Ila hujasema, kanga alizipenda?

MamaMkuranga

Shangazi, kanga zilikuwa chini ya kiti cha nyuma, chini ya begi la watoto. Nimezikuta jana wakati naosha gari. Nimempigia, amesema nisizitume kwa basi, nizilete mwenyewe Pasaka.

Mume bado sijamwambia.

Baba Watatu

Usimwambie Ilula. Mwambie tunafuata viazi Makambako.