Tupeane uzoefu: siku uliyotaka kuacha udaktari

Mnyalukolo wa Kihesa
Wakuu, kamwene. Mdogo wangu kapangiwa MD, yaani shahada ya udaktari, jana kaniuliza kama ataimaliza. Nikakumbuka mwaka wa pili, chumba cha anatomia, fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, inakaa kwenye nywele hata ukioga. Miaka 5 ya chuo, halafu mwaka mzima wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi, ndipo upate leseni kamili. Ni siku gani ulisema basi, narudi nyumbani kulima viazi? Semeni ukweli, nataka asome hapa.

Dogo wa Soweto
Sapu ya anatomia, mtihani wa kurudia. Likizo nzima tulikesha tusidisko, yaani tusifukuzwe chuo.

Mama Uyole
Mimi ni utarajali, wodi ya wazazi, hospitali siitaji. Ilikuwa Julai, baridi ya Mbeya mnaijua, saa tisa usiku. Mama wa uzao wa nne kajifungua salama, nikaandika, nikaenda kumwangalia mwingine. Kurudi, shuka limelowa. Kizazi kimelegea, hakikazi. Nikachoma oksitosini ya kukaza kizazi, nikaongeza dripu, nesi akakimbilia benki ya damu, mimi nikakandamiza kizazi, mkono mmoja ndani, mwingine juu ya tumbo. Daktari bingwa yuko thieta, chumba cha upasuaji, na mgonjwa mwingine. Damu ya kundi lake ipo chupa moja tu. Nilikandamiza mpaka mikono ikafa ganzi. Akafariki thieta haijawa wazi.

Mumewe alikuwa kwenye benchi nje, katoka Chunya na basi la jioni, kakumbatia chupa ya uji na kanga mpya ikiwa bado kwenye karatasi ya dukani. Nilipotoka akasimama: "Shikamoo daktari." Umri wa baba yangu mdogo. Dozi zote nilifundishwa. Namna ya kumwambia yule baba sikufundishwa na mtu.

Saa mbili asubuhi, raundi. Naulizwa mbele ya wanafunzi kwa nini faili halina maelezo ya saa kumi. Hakuna aliyeuliza kama nimekaa chini tangu jana.

Mwana Kyela
Pole sana dada. Mtoto je?

Mama Uyole
Mzima, alichukuliwa na bibi yake.

Tabibu wa Makete
Pole dada. Lakini MD mkumbuke na sisi. Huku kituo cha afya ni tabibu wa diploma ya miaka 3 na nesi mmoja. Mvua za Machi gari la wagonjwa linakwama kwenye utelezi, mama analia ndani. Nyie mna bingwa thieta, sisi tuna simu.

MD Kabwe
Mwenzako kaeleza kifo, wewe unaleta mambo ya vyeo. Si mahali pake.

Tabibu wa Makete
Vyeo gani? Upasuaji wa kujifungua vijijini umefanywa na AMO, daktari msaidizi, miaka na miaka, na wengi wao walianzia utabibu. Daktari akipangiwa Makete au Ludewa anaomba uhamisho kabla hajafungua begi.

MD Kabwe
Mimi nilikaa Ludewa. Usitujumlishe.

Mzee wa Rungwe
Ugonile wanangu. Punguzeni sauti. Kabla Dar haijafungua shule ya udaktari mwaka 1963, kijana wa huku aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, Uganda. Leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina chuo chake cha afya hapa hapa Mbeya. Shule imesogea. Tudai damu benki, na mkubwa wa kusimama na mtarajali usiku.

Dogo wa Soweto
Kwa huyo mdogo: asisome kwa makundi, ni soga tupu. Bum, hela ya mkopo wa wanafunzi, likitoka alipe kodi ya chumba kwanza.

Mwana Kyela
Hapana jamani. Vaiva, mtihani wa mdomo, niliipita kwa sababu ya kundi, tulikuwa wanne tunaulizana mpaka usiku wa manane. Na anunue sweta zito kabla ya vitabu.

MD Kabwe
Kama anafuata mshahara, abadilishe kozi sasa hivi.

Mnyalukolo wa Kihesa
Dada wa Uyole, usiku uliofuata uliingiaje tena wodini?

Mama Uyole
Nesi wa zamu, mama mtu mzima, alinifuata chumbani na chai ya tangawizi, akasema leo tunaingia wote, kila mzazi tunampima pamoja. Akafanya hivyo wiki nzima bila kuombwa. Mwambie mdogo wako awasalimie manesi kabla ya kushika faili, na wakimwambia mgonjwa fulani hawampendi alivyo, aende kumwona hapo hapo.

Tabibu wa Makete
Kwa manesi niko na wewe dada. MD Kabwe, Ludewa ulikaa kituo gani?