Mjadala: Dini ikae wapi katika hadithi za watoto wa shule?

MKUTUBI, MKOMANI
Assalamu alaikum kutoka Lamu, na hamjambo nyote wa Malindi. Naleta suala moja. Kitabu cha hadithi cha Gredi ya 3 au ya 4, kile kinachokaa kwenye rafu ya darasa na kushikwa na kila mtoto, kiwe na dini ndani yake au kisiwe nayo?

Sizungumzii vitabu vya somo la dini. Hivyo vina mpango wake: Kiislamu, Kikristo, Kihindu, na mtoto huingia somo la kwao. Hadithi haina mpango huo. Mwalimu anasema "fungueni ukurasa wa 9, soma wewe," na anayesimama ni mtoto yeyote. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 8, inasema hakuna dini ya taifa. Ibara ya 32 inasema mtu asilazimishwe kufanya tendo linalopingana na imani yake. Mtoto wa Kikristo aliyesimamishwa kusoma shahada ya Kiislamu kwa sauti, au wa Kiislamu kusoma sala kwa jina la Yesu, amelazimishwa au hakulazimishwa? Naona dini ibaki chuoni (yaani madrasa), kanisani na kwenye somo lake.

MAALIM WA CHUO, LANGONI
Wa alaikum salaam, ndugu mkutubi. Hofu yako ina msingi, ila ukifuata njia hiyo utapata kitabu cha uongo. Mtoto wa Lamu asubuhi yuko shule, alasiri yuko chuoni na juzuu amma, ile sehemu ya mwisho ya Qur'ani, mkononi. Hadithi inayomfuata toka Ijumaa hadi Ijumaa bila adhana moja, bila mtu kutia udhu, si hadithi ya hapa.

Kinachoniudhi mimi ni dini iliyoandikwa ovyo. Tazameni kisa cha Nabii Yusuf. Waandishi hukipenda kwa kuwa kimo katika Qur'ani na katika Biblia, wakadhani basi kinamfaa kila mtu, wakavichanganya. Ile kanzu maalumu aliyofanyiwa na baba yake imo katika Mwanzo, sura ya 37. Katika Sura Yusuf haimo. Katika Mwanzo nduguze wanachinja mbuzi, wanaichovya kanzu katika damu, na baba mwenyewe ndiye anayesema mnyama mkali amemla. Katika Qur'ani wanakuja jioni wakilia, wao ndio wanaosema mbwa mwitu amemla, na Yaakub hawaamini, anashika subira. Mwandishi akichukua mbuzi huku na mbwa mwitu kule, kisa alichopata hakikubali sheikh wala padri.

Kwa Nuhu ni hivyo hivyo. Safina inatua Judi katika Qur'ani na Ararati katika Biblia, na yule mwana aliyekataa kupanda akazama yumo katika Sura Hud, hayumo katika Mwanzo. Rai yangu: mwandishi achague upokezi mmoja, na ataje ni upi kwenye ukurasa wa kwanza kabisa.

MHARIRI WA VITABU VYA WATOTO, MALINDI
Maalim amesema kweli. Mimi niongeze ya mezani. Kitabu cha kubanwa kwa pini huenda kwa kurasa nne nne: 16, 24, 32. Chukua cha 24. Kila ukurasa una picha na mistari minne hadi sita chini yake, jumla maneno 400 hadi 600. Ukiitia dini kwa maelezo, umekula kurasa tatu na kisa kimesimama. Itie kwa kitendo. Linganisheni:

"Fatuma alikuwa mtoto mwema aliyempenda Mungu, kwa hiyo aliswali swala tano kila siku."

"Maji ya udhu yalikuwa bado yanamdondoka Fatuma viwikoni aliposikia punda wa babu akilia uchochoroni."

Ya pili ina dini zaidi kuliko ya kwanza, na mtoto wa Kikristo anaisoma bila kuombwa akubali chochote. Anataka kujua punda ana nini.

Kosa linaloniuma kuliko yote ni dua kulipwa papo hapo. Mtoto anaomba ukurasa wa 11, ukurasa wa 12 dau la baba linaonekana, mama anapona, samaki wanajaa. Darasani yumo mtoto aliyeomba mama yake apone, na mama akafa. Kitabu hicho kimemwambia kwamba hakuomba vizuri. Vitabu vya Kikristo vina kosa hili na vya Kiislamu vinalo. Tiba yake ni ya ufundi: dua ije mapema, ukurasa wa 8 hivi, msaada uje mwishoni na upitie mikononi mwa watu, jirani au nahodha au muuguzi, na jambo moja katika yale yaliyoombwa libaki halijatimia hadi kitabu kinafungwa.

Halafu maandishi ya Kiarabu. Programu ya kupanga kurasa isiyowekwa kwa Kiarabu hutenganisha herufi zinazopaswa kushikana na kuzipanga kutoka kushoto. Irabu nazo huhama zikakaa juu ya herufi isiyo yake. Mpanga kurasa asiyesoma Kiarabu haoni kitu, kwake umbo ni zuri tu. Aya ikitumika lazima iingizwe kama picha kutoka kwenye nakala iliyosahihishwa, na hafidhi, aliyehifadhi Qur'ani, aikague kwenye karatasi ya majaribio, si kwenye skrini peke yake.

MAALIM WA CHUO, LANGONI
Kwa hilo naomba aya zisichapwe kabisa kwenye hadithi, hata zikiwa sahihi. Kitabu cha pini kikichakaa hukanyagwa sakafuni, na karatasi zake huishia kufungia njugu. Aya haifai kufika huko. Andikeni maana kwa Kiswahili; Kiarabu chake mtoto atakisoma chuoni, kwenye msahafu.

Na Ramadhani, tafadhali. Hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo "likizo ya Aprili, Ramadhani ilipoanza" ni sentensi isiyodumu. "Mwezi ulipoandama" inatosha miaka yote. Tena msimfanye mtoto wa miaka minane afunge mwezi mzima kama shujaa, na mwenzake aliyekula mchana aaibishwe. Saumu haimlazimu mtoto kabla ya kubaleghe.

MWALIMU WA GREDI YA 4, MALINDI
Mnazungumza kana kwamba dini ni mbili. Ukitoka mjini ukaelekea bara, kuna nyumba zenye Mkristo, Mwislamu na mzee anayeshika dini ya jadi ya Wagiriama, wote katika ua mmoja. Katika hadithi za watoto mzee huyo huja akiwa mchawi, na kigango huitwa sanamu inayoabudiwa.

Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima wa Kigiriama. Hakiabudiwi, na hakihamishwi. Hata watu wakihama, chenyewe hubaki kikioza pale pale. Vimeng'olewa vingi vikauzwa ng'ambo, na makumbusho kadhaa ya Marekani yameanza kuvirudisha. Mtoto aliyesomeshwa kwamba ile ni sanamu ya shetani ataona ubaya gani mtu akiking'oa?

Na ndugu mkutubi, historia utaiandikaje bila imani? Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza, aliwaunganisha Wagiriama kwa viapo vilivyoliwa kayani, makao yao matakatifu ndani ya msitu, na mwaka 1914 Waingereza wakaibomoa kaya hiyo kwa baruti. Kitoe kiapo, na mtoto hataelewa kwa nini watu walisimama pamoja, wala kwa nini serikali ilipiga baruti msitu.

MAALIM WA CHUO, LANGONI
Kuheshimu kaburi la mtu na kueleza historia, nakubali. Lakini mzazi wa Kiislamu hataki mwanawe afundishwe kwamba koma, mizimu ya wazee waliokufa, hujibu maombi, na hapo sirudi nyuma.

MWALIMU WA GREDI YA 4, MALINDI
Maalim, tofauti iko kwa nani anayesema. "Babu aliamini koma wamekasirika" ni habari ya babu. "Koma walikasirika, mvua ikakatika" ni mwandishi mwenyewe ameshuhudia. Naomba iwe ya kwanza. Ila kipimo hicho kiguse pia malaika katika hadithi zenu na miujiza katika hadithi za kanisa.

MAALIM WA CHUO, LANGONI
Kwetu malaika si jambo la "aliamini". Ukimwandikia mtoto wa Kiislamu hivyo umempandia shaka. Basi nagawa hivi: kitabu cha chuo kiseme moja kwa moja, na kisikaguliwe kwa kipimo hicho. Kitabu cha rafu ya wote, mhusika aseme, mwandishi anyamaze.

MCHORAJI, SHELA
Kwa upande wa picha. Kibla chetu ni kaskazini, na mji wa Lamu umeelekea bahari upande wa mashariki. Anayeswali hapa bahari iko kuliani kwake. Picha zinazoonyesha watu wamesujudu wakielekea majini na majahazi ni nzuri kwa rangi lakini zinaswali kwingine, na mtoto wa hapa atalijua kosa hilo kabla ya kusoma neno moja. Malindi ni vivyo hivyo.

Mitume hawachorwi kwa Waislamu, na hilo halimnyimi Mkristo kitu ukichora kwa akili. Kisa cha Yusuf: mchoro uwe kutoka ndani ya kisima. Mawe yenye kuvu pande zote, duara dogo la mwanga juu, na ndoo inashuka kwa kamba. Msomaji ndiye aliyeko chini. Hakuna uso uliohitajika.

MKUTUBI, MKOMANI
Nimesogea, sijafika. Mwalimu amenishika kwenye kiapo, nakiri. Na mgao wa maalim naukubali. Lakini mtoto anayesomeshwa kwa sauti bado hajajibiwa. Ombi langu ni hili: maneno yenyewe ya sala, shahada au kiapo yasinukuliwe. "Akaomba" inatosha, "wakala kiapo" inatosha. Mhariri akikubali hilo, mimi nakiweka rafuni.

MHARIRI WA VITABU VYA WATOTO, MALINDI
Shahada nakubali, sala ndefu nakubali, kiapo pia. Lakini mvuvi akisukuma dau ufuoni husema "Bismillahi" na mguu wake unaingia majini, na mama wa Kikristo akisikia habari mbaya husema "Yesu wangu". Hayo ni maneno ya vinywa vya watu, na mtoto ameyasikia tangu alfajiri kabla hajafika darasani. Mvuvi wangu atasema "Bismillahi".