Klabu ya huduma Mbeya: sahani hotelini kila wiki, michango kila msimu, vyoo vya watoto mpaka leo ni mtaro

Wakuu, salaam kwenu.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni mwanachama wa klabu moja ya huduma hapa Mbeya mjini, zile klabu za kuchangisha fedha kusaidia jamii, za kukutana kila wiki, beji kifuani, uongozi unabadilika kila Julai mosi. Msinilazimishe kusema ni ipi. Jina silitaji kwa sababu wamo watu humo wanaojitoa kwa moyo wote na sitaki wachafuliwe. Wengine wameniomba sana nisubiri, eti tuyamalize ndani. Nimesubiri vya kutosha. Fedha zenyewe hatukuzitoa ndani, tulizichukua kwa watu huko masokoni na vituo vya daladala, kwa hiyo hoja nayo inakuja kwa watu.

Kisa ni vyoo vya shule ya msingi moja upande wa Uyole. Matundu yaliyopo yamejaa, mawili sakafu yake imetitia, na mabinti wa darasa la sita na la saba wakiwa kwenye siku zao wanabaki nyumbani. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Pale hawajakaribia hata kidogo. Klabu ikaenda, ikapiga picha na walimu, ikaahidi jengo jipya la vyoo, chumba cha wasichana cha kujisitiri na tangi la kuvunia maji ya mvua. Wazazi wakaambiwa wachimbe msingi. Wakachimba, kwa majembe na sururu zao wenyewe, kuna walioacha viazi shambani vikisubiri kuinuliwa udongo. Wakachanga na tofali za kuchoma. Sisi tulichobakiza ni saruji, nondo, mabati na fundi.

Nendeni leo mkaone. Mtaro wa msingi umejaa maji na kingo zimeporomoka, maana mvua za huku zikifungua Novemba zinapiga mpaka Aprili. Tofali za chini ya rundo zimelowa hadi zinamung'unyika ukizishika. Kibao, hicho kipo. Cha chuma, kina nembo yetu na majina ya viongozi wa mwaka ule, rangi bado inang'aa. Nimesimama pale nikaangalia chini ya nguzo zake. Zege pekee lililomwagwa kwenye ule mradi mzima ni lile lililoshikilia kibao.

Sasa fedha zimeenda wapi? Kwa asiyejua klabu hizi zinavyoendeshwa, nieleze mkutano wa wiki ulivyo. Ni jioni, siku ileile, hoteli ileile. Rais wa klabu anagonga kengele, mnaimba wimbo wa taifa, wageni wanatambulishwa, kuna mzungumzaji wa kuwapa mada, sajenti wa klabu anapita na kikapu cha faini: umechelewa lipa, umesahau beji lipa, simu imeita lipa. Halafu chakula. Kengele tena, mnatawanyika. Sina ugomvi na kukutana wala na faini, mimi mwenyewe nimezilipa. Ugomvi wangu ni sahani.

Hoteli haipiki kwa kubahatisha. Inataka idadi ya uhakika. Katibu akiagiza sahani thelathini, zinapikwa thelathini na zinadaiwa thelathini, hata mkija kumi na wawili. Aliyekuja analipia yake. Asiyekuja halipi kitu, na wiki ya baridi ya Juni au Julai, jioni ambayo hata mbwa hatoki nje, wasiokuja ndio wengi. Lile pengo analipa nani? Linalipwa na klabu. Na klabu inalipa kwa fedha gani ikiwa nusu ya wanachama hawajamaliza ada?

Nilipoomba taarifa ya benki nilizungushwa weee, mara mhazini kasafiri, mara kitabu kiko kwa mkaguzi. Nilipoipata nikaelewa kwa nini nilikuwa nazungushwa. Akaunti ni moja. Ada, faini, michango ya vyoo, mauzo ya tiketi, vyote chungu kimoja, na kila mwisho wa mwezi ankara ya hoteli inachotwa humohumo. Mhazini akanijibu bila hata kupepesa macho: "Tunaazima tu, ndugu yangu. Ada zikiingia tutarudisha." Mkopo usio na karatasi, usio na tarehe, na mkopeshaji ni mtoto wa darasa la sita ambaye hakuulizwa.

Na msiniambie huu ndio utaratibu wa klabu za huduma duniani, kwa sababu sivyo. Klabu za Lions, zilizoanzishwa na Melvin Jones mwaka 1917, zina kanuni inayojulikana: fedha iliyochangwa na umma inarudi kwa umma, haigusi gharama za uendeshaji wa klabu. Ndiyo maana wanatenganisha hesabu mbili, ya uendeshaji na ya huduma. Chakula, beji na safari za viongozi vinatoka mifukoni mwa wanachama. Hilo ni jambo la msingi kabisa, hata kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaani kwetu Ilomba kina daftari la rambirambi na daftari la chai, na mtunza fedha akichanganya anavuliwa kazi siku hiyohiyo.

Wazee wa klabu wananiambia kukutana kila wiki hotelini ni utamaduni tuliourithi. Tuliurithi kwa nani? Paul Harris na wenzake watatu walioanzisha klabu za huduma za Rotary kule Chicago mwaka 1905 walikutana ofisini kwa mmoja wao, kisha wakawa wanazunguka ofisi hadi ofisi kwa zamu. Hakukuwa na bufee. Na mradi wao wa kwanza wa kuhudumia umma, mwaka 1907, mnajua ulikuwa nini? Kupigania vyoo vya umma katika jiji lao. Vyoo! Na tangu mwaka 2016 Rotary yenyewe imelegeza, klabu zao zinaruhusiwa kukutana angalau mara mbili kwa mwezi badala ya kila wiki. Sasa sisi wa Mbeya tunang'ang'ania sahani za nani?

Nije kwenye michango, maana hapa ndipo uchungu ulipo zaidi. Katika kipindi ambacho msingi ule umekuwa ukijaa maji tumefanya matembezi ya hisani kutoka Soweto hadi Kabwe hapahapa mjini, tumeuza tiketi za bahati nasibu, na tumefanya chakula cha jioni cha hisani, vyote kwa jina la vyoo hivyohivyo. Chukueni hicho chakula cha jioni peke yake. Meza ya watu kumi inauzwa. Halafu unatoa ukumbi, mapambo, muziki, MC, mpiga picha, chakula chenyewe, na fulana zenye nembo kwa kamati nzima. Kinachobaki ni kidogo mno. Ndipo inapokuja harambee. Keki inapigwa mnada, tajiri anainunua, anairudisha mezani, inauzwa tena kwa mwingine, makofi na vigelegele, MC anataja mamilioni kwenye kipaza sauti. Watu wanaondoka wakijua vyoo vimejengwa usiku ule. Lakini kilichotajwa ni ahadi. Kesho yake nani anapiga simu kudai ahadi? Kamati inasema "tusiwasumbue wafadhili." Orodha ya ahadi nimeiona, majina makubwa, na mbele ya wengi nafasi ya kiasi kilicholipwa ni tupu. Asiyesumbuliwa ni aliyeahidi mamilioni. Aliyetoa fedha taslimu ni mama wa sokoni, na yake imeshaliwa wali kuku.

Huyo mama yupo. Anauza viazi mviringo pale Uyole, magunia yake yako karibu na barabara kuu ya kwenda Dar. Alinunua tiketi ya bahati nasibu kwangu. Juzi nimepita akaniita: "Mwee, kaka, vile vyoo vimefika wapi?" Akafungua pindo la kitenge, akatoa kipande cha tiketi chenye muhuri wa klabu, kimekunjwa mara nne. Hakukihifadhi kwa ajili ya zawadi, zawadi ilishatoka. Alikihifadhi kwa sababu mjukuu wake anasoma shule ile na yeye anahesabu kwamba ana tofali lake pale. Nilisimama mbele yake sina la kumjibu, na hilo ndilo lililonifanya nije kuandika hapa.

Ukiwauliza viongozi wa sasa wanakwambia mradi ule ni wa rais aliyepita. Ukimuuliza aliyepita anasema alikabidhi kila kitu. Mwaka ukianza Julai kila rais mpya anataka mradi wake, kibao chake, picha zake. Huyu wa sasa keshatangaza miti na madawati, na kadi za michango tayari zinachapishwa. Mradi wa mwenzake unabaki yatima. Uongozi wa mwaka mmoja si tatizo kwenyewe, klabu nyingi duniani zinaishi nao, ila zinakuwa na kamati ya miradi inayovuka mwaka na makabidhiano ya maandishi. Sisi makabidhiano yetu ni kuvalishana mkufu wa urais mbele ya kamera.

Kinachoniuma ni kwamba najua kazi hizi zinawezekana. Klabu za namna hii si mchezo. Kampeni ya Rotary dhidi ya polio ilianza mwaka 1985, watu wa kawaida wakichangishana nchi baada ya nchi, na Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikathibitishwa kuwa haina tena kirusi cha asili cha polio. Mwaka 2022 kilipopatikana tena kwa mtoto kule Lilongwe, Malawi, majirani zetu hapa, watoto wa Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma walipewa matone nyumba kwa nyumba. Hayo ni matunda ya uvumilivu wa miaka na hesabu zinazosomeka. Halafu sisi tunashindwa na vyoo, mchanga na kokoto viko hapahapa, na saruji inasagwa Songwe pua na mdomo.

Kuna mwanachama kanifuata pembeni akaniambia naharibu jina la klabu na wafadhili watakimbia. Kaka yangu, najua utausoma huu uzi. Wafadhili wa mamilioni hawajalipa, hawana pa kukimbilia. Wanaokimbia ni wazazi wa ile shule, ambao siku nyingine serikali ya mtaa ikiwaita kuchimba msingi watasema tulishachimba, mkatuachia dimbwi. Umeshaona hilo dimbwi liko hatua chache kutoka darasa la awali? Mtoto akitumbukia humo mwezi wa pili utakuja na beji yako msibani?

Mwingine anasema mimi nina kinyongo kwa kuwa sikuchaguliwa kwenye kamati. Sikugombea. Muulizeni katibu, karatasi anazo.

Ninachotaka nimekiandika kwa barua na nakiandika na hapa. Kila shilingi ya mradi iliyolipia sahani irudishwe na wanachama, mimi nikiwemo, tugawane deni sawa kwa sawa, na fungu langu liko tayari. Ifunguliwe akaunti ya huduma peke yake, na mmoja wa watia saini awe nje ya klabu, mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kamati ya shule. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani pale shuleni na pale sokoni, kwa Kiswahili, kwa maandishi ambayo mama wa viazi anaweza kuyasoma bila kuomba miwani. Orodha ya ahadi isomwe kwa kipaza sauti kilekile kilichotumika kuzitangaza. Mpaka bati la mwisho lipigwe msumari, hakuna kadi mpya ya mchango, hakuna matembezi, hakuna keki. Na mikutano tuhamie kwenye ofisi zetu. Duka langu la vifaa pale Mwanjelwa lina nafasi ya viti ishirini nikisogeza ndoo za rangi, chai nitachemsha mwenyewe.

Wanaoniambia "ondoka tu kwenye klabu, mkuu", nimewasikia. Siondoki. Nikiondoka yule mama ataniuliza vilevile, na nitakuwa sina hata haki ya kudai kitabu.

Naomba msaada kwa wenzangu walio kwenye klabu za Iringa, Njombe, Makambako au Songea, au popote penye utaratibu unaoeleweka. Akaunti zenu ni ngapi? Nani anatia saini? Sahani za wasiokuja analipa nani? Na mliwezaje kudai ahadi za harambee, mlitumia barua, mlifuata watu ofisini, au kuna fomu ya ahadi ambayo mtu anasaini palepale ukumbini? Mwenye nakala ya fomu ya namna hiyo aiweke hapa. Mkutano ujao ni Alhamisi, nitachapisha majibu yenu yote niingie nayo.