Mjadala: Kuchora ramani huria bure ni kujenga chetu au kulima shamba la tajiri?

Wadau, kila nikimshawishi mtu aongeze vichochoro vya mtaani kwake kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ananiuliza swali lile lile: "Nitoke jasho bure ili makampuni yavune?"

Swali hilo si la kupuuzwa. Mwaka 2022 Amazon, Meta, Microsoft na TomTom walianzisha Overture Maps, mradi wa pamoja wa data za ramani, na sehemu ya data yake imetoka OpenStreetMap. Mtu kazunguka na simu juani akihesabu ngazi na mabomba ya maji, kisha kazi yake inaonekana kwenye programu ya tajiri. Ukiitazama kwa jicho hilo tu, inauma.

Mimi bado nasema tuchore.

Tangu 2012 data hii inalindwa na leseni ya ODbL. Yeyote anaruhusiwa kuitumia, hata kwa biashara, ila ataje chanzo. Na akitengeneza hifadhidata mpya kutokana nayo na kuitumia hadharani, naye aiachie kwa masharti yale yale. Hakuna wa kuifungia kabatini. Sasa fikiria wale tunaosahihisha ramani za makampuni kila siku, bila kulipwa hata senti: marekebisho yanabaki mikononi mwa makampuni hayo, na yakibadili masharti kesho huna pa kuchukua nakala. Kwa maoni yangu, kazi ya bure yenye hasara ni hiyo. Ramani huria unaweza kuipakua leo, dunia nzima, ukaitumia hata pasipo intaneti.

Halafu kuna faida ambayo mizani ya pesa haiipimi. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 12, 2010, ramani ya Port-au-Prince iliyokuwepo ilikuwa na mapengo makubwa. Wachoraji wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali waliketi na picha za setilaiti, na katika siku chache mitaa ikaonekana, waokoaji wakaitumia.

Lakini picha ya setilaiti haisemi kila kitu. Haikuambii wakazi wanaiitaje njia ile, kivuko kinapitika masika au la, wala mwenye kiti cha magurudumu aingie zahanati kwa mlango upi. Hayo anayajua anayepita hapo kila siku. Asipoyaandika, atakuja kuyakisia mtu aliye mbali, na nimeshaona jina ambalo wenyeji wote wanalitumia likifutwa na mgeni aliyeamini nyaraka kuliko watu. Iliniudhi sana, nikalirudisha.

Nakubaliana na wapinzani kwa jambo moja: si kila kinachoonekana kichorwe. Majina ya watu wanaoishi nyumba fulani hayana nafasi kwenye ramani, na miongozo ya OpenStreetMap yenyewe inakataza. Mahali wanapojificha waliokimbia vipigo majumbani, mimi nisingepagusa kabisa, hata kama bango lipo.

Kuhusu wahariri wanaolipwa na makampuni, tangu 2018 upo mwongozo unaowataka wajitambulishe na waeleze wanachofanya. Mimi naona hautoshi: wanapobadili majina ya mahali, wakazi waulizwe kwanza. Wenye hoja ya "kazi ya bure", naomba mnijibu hapa. Tukiacha kuchora sisi, majina ya njia zetu ataandika nani?